Hodi ya Gesi

Sanduku lilipita mtihani kwa mara ya pili, na Inspekta Mashavu akaona wazi kwamba Ubwa wa Nungwi hana pa kutokea.

Lilikuwa sanduku la bati la kijivu, si kubwa kuliko sinia la kulia watu wawili, limeng'olewa kwenye ukuta wa kiwanda cha barafu na kuletwa mjini na lakiri ya polisi. Kazi yake kule ilikuwa moja kubwa: amonia ikivuja, kihisi kinanusa, sanduku linakiliza king'ora, watu wanakimbia. Na amonia ilivuja kweli. Fundi Machano alikuwa ndani ya chumba cha mashine, king'ora kikakaa kimya, na kilipokumbuka kulia yeye keshaanguka, pumzi zimemkatika. Sasa hapa juu ya meza ya vielelezo Mashavu alikipulizia kihisi gesi kidogo ya majaribio, na king'ora kikapiga ukelele hapo hapo, mpaka karani wa chumba cha pili akaja kuchungulia.

"Zima," akasema Afande Himid, mkuu wake, viganja masikioni. "Nshasikia. Kizima hicho. Kwa hivyo nani alikinyamazisha siku ile?"

Hakungoja jibu, maana jibu analo. King'ora kilikuwa na ufunguo wa kukinyamazisha wakati wa matengenezo, na ufunguo ulikutwa mfukoni mwa Ubwa, msimamizi wa zamu. Ubwa mwenyewe alikiri kwamba wiki ile ile alikinyamazisha mara moja, hoteli ya jirani ilipolalamika kwamba majaribio yanawaamsha wageni wao. Kwa Himid hapo hapakuwa na la kuumiza kichwa. Alitaka ripoti ya Mashavu kabla ya laasiri, ili kesho faili liende kwa mwendesha mashtaka na Ubwa ashitakiwe kwa kuua bila ya kukusudia.

"Na wewe, Bwana Wakil, una la kuongeza?"

Wakil ndiye aliyelitengeneza sanduku, na aliitwa ashuhudie majaribio. Alikuwa amekaa pembeni, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "N'na lipi mimi la kuongeza, Afande. Ubwa namjua. Ameteleza tu. Nisingependa afungwe miaka mingi."

Mashavu aliyasikia maneno hayo na moyo wake ukatulia. Wakil alikuwa mtu wa huruma tangu zamani, na Mashavu alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle chumbani. Himid hakujua, wala Mashavu hakusema, kwamba Wakil ni kaka yake. Si wa tumbo moja. Mashavu alipozaliwa mama yake aliugua, na aliyemnyonyesha ni Bi Nadra, mama yake Wakil, pale Sokomuhogo, na kwa dini na desturi wakawa ndugu. Lakini udugu wa kunyonya hauandikwi kwenye cheti. Himid alipomwambia kwamba fundi aliyelitengeneza sanduku ameomba kwa jina achunguze Mashavu, maana ndiye anayezijua programu hizi, alifika mpaka mlangoni mwa ofisi alitoe neno hilo la udugu, kisha akalimeza. Alijiambia kesi ni ya msimamizi wa barafu, Wakil hamo.

Himid alipotoka, Mashavu aliunga kompyuta yake na sanduku asome kilichomo. Ndani ya sanduku mna kompyuta ndogo, ndani ya kompyuta mna kiini cha mfumo, na juu ya kiini vimekaa viendeshi, programu ndogo ndogo, kila chombo na kiendeshi chake: cha kihisi, cha pampu, cha feni, cha vitufe. Vyombo hivi havingoji kuulizwa. Likitokea jambo, chombo kinaikatiza kompyuta na kazi yake, na katika karakana ya Wakil mkatizo huo ukiitwa hodi, hawana jina jengine. Mwenye nyumba, yaani kompyuta, ni mmoja, hana msaidizi. Hodi zikija mbili kwa pamoja, anafunguliwa wa daraja ya juu, na wa chini anangoja nje mpaka wa juu amalize. Hiyo ndiyo kazi nzima ya mtu anayeandika viendeshi, kujua nani afunguliwe kwanza, na ukiikosea hakuna mtu atakayejua mpaka siku ya balaa.

Aliyemfundisha ni Wakil huyu huyu. Mashavu alirudi kutoka chuo cha Tunguu na cheti chake kinang'ara, Wakil akamkalisha kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha chini pale Sokomuhogo, akamwambia asahau nusu ya aliyosoma. Mgeni akipiga hodi, alikuwa akisema, pokea salamu, shika jina, mkalishe barazani, urudi kwenye kazi yako. Haja yake utaitimiza baadaye. Usimwingize ndani ukaanza kumpikia, wengine watakufia mlangoni. Pampu inakaa barazani. Feni inakaa barazani. Halafu anainua kidole. Gesi haikai barazani. Gesi inaingia moja kwa moja, hata kama tonge liko mdomoni.

Na ndivyo ilivyokuwa humu. Gesi daraja ya kwanza, wengine wote chini yake. Kadiri alivyosoma ndivyo alivyotambua kazi yake mwenyewe ya siku za karakana, majina aliyoyabuni yeye, hata mzaha mmoja wa sambusa aliouandika pembeni ya msimbo siku ya mfungo akiwa na njaa. Hakuna herufi iliyoguswa. Alijikuta anatabasamu peke yake.

Wakil akamchungulia begani. "Unaikumbuka?"

"Naikumbuka, kaka."

"Kazi yako haina kasoro, mdogo wangu. Andika ripoti yao uwape. Ijumaa tukale kwa mama."

Alianza kuiandika. Aliandika kwamba sanduku ni zima, programu ni sahihi, daraja za hodi zimepangwa kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye jina la Ubwa mkono ukasita. Hakuwahi kumpeleka mtu jela kwa kusoma karatasi tu, na hakutaka kuanza leo. Akafunga kompyuta, akateremka mahabusu.

Ubwa alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, macho mekundu. Alijibu salamu kisha akauliza jambo moja.

"Mke wangu amekuja?"

"Hajafika."

"Hatokuja. Machano ni kaka yake. Washamwambia nimemuulia kaka yake kwa ufunguo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hata mimi ningekuwa yeye nisingekuja."

"Nieleze siku ile, tangu mwanzo."

"Nshaeleza, Bi Inspekta. Mara ngapi?"

"Wengine uliwaeleza. Mimi bado."

Ubwa akashusha pumzi. Mchana, alisema, Machano alisikia kompresa inakohoa, akaingia kuitazama. Yeye alikuwa nje, kwenye ukumbi wa kutolea barafu. Ufunguo hakuugusa. Harufu ilimpiga puani, akaita, akatazama taa ya king'ora, haiwaki. Akajifunga shati puani akaingia, akamvuta Machano kwa miguu. Alipokuwa keshamtoa nje ndipo king'ora kikaanza kulia.

"Ulipokuwa unaita, kulikuwa na nini jengine?"

"Hakuna."

"Mtu? Kelele?"

"Hakuna kitu. Umeme unacheza tu."

Mashavu akaacha kuandika. "Unacheza vipi?"

"Unacheza. Unakuja, unakwenda, unakuja, unakwenda, taa zinapepesa. Kama kawaida."

"Hili hukulisema kwenye maelezo yako."

Ubwa alimkazia macho, haelewi anaulizwa nini. "Umeme kucheza nalo ni jambo la kumwambia askari?"

Basi ndivyo tulivyo. Kisiwa hiki umeme ukicheza mtu hakatizi hata hadithi yake. Anaendelea kuzungumza gizani na taa ikirudi anakutwa amefika katikati. Himid hakuuliza, karani aliyeandika maelezo hakuuliza, na Mashavu, aliyeijua mashine ile mpaka uvungu wake, naye hakuuliza.

"Na umeme ukiondoka kompresa inasimama?"

"Zamani. Nilikuwa nakimbia mimi kuwasha jenereta. Siku hizi linajiwasha lenyewe, umeme ukirudi linajizima. Tangu Bwana Wakil alipokuja kutuwekea."

"Alikuja na sanduku jengine?"

"Lile lile. Alikaa nalo na kompyuta yake, akaunga waya wa jenereta. Si ndilo mlilolichukua?"

Mashavu alimshukuru, akapanda ngazi kwa haraka ambayo askari wa zamu hakuizoea. Wakil alikuwa keshaondoka. Akaligeuza sanduku. Chini, pembeni ya matundu ya waya ya zamani, palikuwa na tundu jipya, skrubu zake bado zinang'aa. Tundu la jenereta. Akaifungua tena programu akalitafuta jenereta kiendeshi kwa kiendeshi. Hamna. Lisingeweza kuwemo, kwa sababu programu ile aliiandika kabla ya mtu yeyote kufikiria jenereta. Sanduku lilikuwa na mlango mpya, na ndani hakuna aliyeambiwa kwamba mlango upo.

Kwa hivyo programu aliyoisoma asubuhi, akaitabasamia, siyo iliyokuwa ikifanya kazi siku ile Machano anakufa. Mtu ameitoa ile na kuirudisha hii.

Nani aliligusa sanduku kabla ya lakiri? Alirudi kwenye maelezo ya mwenye kiwanda. Pale palikuwa na sentensi aliyokwisha kuipita mara kadhaa bila ya kusimama: baada ya ajali mwenye kiwanda alimpigia simu fundi wake, na fundi alifika kabla ya polisi, akalizima sanduku kwa ajili ya usalama. Alipoisoma siku ya kwanza alimsifu fundi huyo moyoni. Fundi huyo ni Wakil.

Alijaribu kumtetea kama mtu anavyomtetea ndugu yake. Pengine jenereta lilikuwa na swichi yake mbali. Pengine Wakil aliirudisha ya zamani kwa hofu tu, ile mpya haikuwa na kosa lolote. Ingekuwa rahisi kujua kama ingepatikana ile mpya, ikajaribiwa. Karakanani kwa Wakil, kule Mbweni alikohamia, haitopatikana tena. Mtu aliyewahi Nungwi kabla ya polisi hatoiacha mezani. Lakini palikuwa na ukuta mmoja mwengine, na alipoukumbuka alitamani asiukumbuke.

Kila toleo jipya la Wakil lilianzia kwa mama yake. Ndiyo ilikuwa desturi yake tangu sanduku la kwanza. Hakumpelekea mteja kitu mpaka kimekaa kwanza jikoni kwa Bi Nadra, yeye akakishika, akakisomea dua, akakitolea radhi. Wateja walikuwa wakicheka. Wakil hakucheka.

Alimkuta Bi Nadra jikoni anafunga barafu za ubuyu kwenye vifuko. Alikuwa akiziuza dirishani kwa watoto wa mtaa, mafriji mawili yananguruma nyuma yake, na uani jenereta dogo la kuyalinda. Mtungi wa gesi ulikuwa chini ya meza ya jiko. Ukutani, juu ya mtungi, lilikuwa sanduku la kijivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Ijumaa. Nani kakufukuza kazi?"

"Hajanifukuza mtu. Bado." Akakaa kwenye kibao cha mbuzi, mahala pake tangu mdogo. "Kaka alikuja lini kulitazama hili sanduku?"

"Wakil? Tangu msiba wa Nungwi hajakanyaga. Nikimpigia ana kazi, nikimpigia ana mgeni. Nikasema labda kaoa mke wa pili ananificha."

"Na hili la jenereta kujiwasha?"

"Alilitia hapa kwanza. Kabla ya hao wa Nungwi. Akanambia, mama, lisomee. Nikalisomea." Bi Nadra akaacha vifuko vyake. "Una nini wewe? Uso wako umekwenda wapi?"

Mashavu alichukua kiberiti cha gesi kilichokuwa juu ya meza, akakibinya bila ya kuwasha moto, gesi yake ikatoka taratibu mbele ya kihisi kilichofungwa karibu na mtungi. King'ora kikalia pale pale. Bi Nadra akaruka, vifuko vikaanguka.

"Umenitisha, mtoto mbaya wewe. Si unaona kizima?"

"Kizima, mama. Sasa nisaidie. Nenda kwenye swichi kuu. Nikikwambia, uzime, uwashe, uzime, uwashe, usipumzike."

"Mafriji yangu yataungua."

"Kidogo tu, mama. Nakuomba."

Bi Nadra akenda ukumbini kwenye swichi, ananung'unika. Mashavu akamwambia aanze. Taa za jiko zikapepesa. Uani jenereta likakohoa, likataka kuwaka, likakatazwa, likataka tena. Akakibinya kiberiti mbele ya kihisi, akakishikilia. Harufu ya gesi ikamwingia puani. Akaendelea kubinya mpaka kidole kikaanza kuuma. Taa zinapepesa, jenereta linakohoa, na king'ora hakisemi kitu.

"Acha sasa, mama."

Taa zikatulia. Jenereta likatulia. Na baada ya hapo, baada ya muda ambao mtu chumbani mwa mashine asingekuwa nao, king'ora kikaanza kulia.

Akarudia tena, aone kwamba macho yake hayamdanganyi. Hayakumdanganya. Akachomeka kompyuta yake, na humo kila kitu kilikuwa wazi. Wakil aliupandisha umeme daraja ya kwanza, juu ya gesi. Kila umeme unapocheza unapiga hodi, na kiendeshi cha Wakil hakikumkalisha mgeni barazani. Kilimwingiza ndani, kikafunga mlango, kikawasha jenereta, kikangoja litulie, kazi yote kwa mkupuo. Kabla hakijamaliza umeme unapiga hodi nyengine, nacho kinaanza upya. Gesi ilikuwa nje wakati wote, inapiga hodi, na daraja yake haimruhusu mtu kuifungulia.

Bi Nadra alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. "Hiki ndicho kilichomuua yule wa Nungwi?"

"Ndicho, mama."

"Na huyo aliyefungwa?"

"Hana kosa. Mkewe hataki hata kumwona, na hana kosa."

"Wakil anajua?"

Mashavu akainama kuokota vifuko vilivyoanguka. Bi Nadra akachukua simu yake, akapiga. "Wakil. Njoo nyumbani." Akasikiliza. "Mgeni wako mwache. Njoo." Akakata, akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Mashavu naye akampigia Himid, akamwambia kuna sanduku la pili Sokomuhogo, aje na mashahidi na lakiri.

Wakil alifika kwanza. Aliona kompyuta imeunganishwa na ukuta, akaona kiberiti mezani, akaona mama yake hafungi barafu. Alikuwa mtu mwerevu, hakuhitaji kuelezwa.

"Umelijaribu."

"Nimelijaribu."

Akavua kofia, akaishika. "Kompresa za watu zilikuwa zinaungua, Mashavu. Kila siku simu, kila siku matusi. Nikaupandisha umeme juu kwa muda, jenereta liwahi. Nilikuwa nirudi nilitengeneze vizuri."

"Hilo ni kosa," akasema Mashavu. "Kosa kila mtu anafanya. Ungenambia, ningesimama na wewe mbele ya Himid, ningesimama na wewe mahakamani. Mimi sikuulizi hilo."

"Unaniuliza lipi?"

"Kwa nini ulitia programu yangu?"

"Kwa sababu ndiyo sahihi."

"Kaka."

Wakil akaizungusha kofia mkononi. "Nilijua ukiuona mkono wako utaridhika. Hutochimba tena."

Mashavu alifikiri amejitayarisha kulisikia, na wapi. Liliingia likamuuma kila pahala. Asubuhi yote alikuwa anajivuna kwamba ameitwa kwa ujuzi wake, na kumbe Wakil alimwita kwa sababu anajua anapendwa naye. Alimpima kwa mapenzi yake mwenyewe, akaona yanatosha kumfumba macho, na kidogo tu yangetosha. Alihisi aibu kuliko hasira, na hasira yenyewe haikuwa ndogo.

"Na Ubwa?"

"Ubwa angepata kifungo kidogo. Ningewatazama wanawe, Wallahi ningewatazama. Mimi nikianguka, kila sanduku nililofunga kisiwa hiki litang'olewa. Fikiri watu wangapi."

"Nimefikiri. Nimemfikiri Machano." Akaonesha ukutani. "La Nungwi ulilibadilisha siku ile ile, maiti haijakoshwa. Na hili?"

Wakil alitazama sanduku, akatazama mtungi chini yake. Rangi ikamtoka usoni. Hapo tu ndipo Mashavu alipoona hakuna uongo.

"Nilisahau," akasema.

Bi Nadra akainua kichwa. "Ulisahau nini?"

"Mama, nilikuwa na mambo mengi, nili..."

"Nawasha jiko hapa alfajiri na jioni. Umeme unacheza kila siku. Watoto wa watu wamejaa dirishani hapo. Ulikwenda mpaka Nungwi kuficha kosa lako, na hapa hukukumbuka kuna mtu."

"Nilisahau, mama."

Bi Nadra akainama, akaufunga mtungi, akaukaza kwa mikono miwili. Wakil akamgeukia Mashavu, sauti imeshuka.

"Nipe nafasi kidogo tu, mdogo wangu. Nilitie sawa kabla hawajaja. Tumenyonya ziwa moja." Na mkono wake ushafika kwenye waya wa sanduku.

"Liache hapo ulipoliweka," akasema mama yake.

Mkono ukarudi. Mlangoni Himid akapiga hodi, Bi Nadra akajitanda kanga yake vizuri kichwani, akajibu, "Karibuni." Mashavu akawahi kutoka, akamzuia mkuu wake barazani pamoja na mashahidi wawili aliowaleta.

"Afande, kabla hujaingia. Nimekuficha jambo. Huyu Bwana Wakil ni kaka yangu wa kunyonya, na hii ni nyumba ya mama yetu. Ilikuwa nikwambie siku ya kwanza. Niondoe kwenye kesi, unipe adhabu unayoiona. Lakini sanduku lililomuua Machano lilikuwa na programu iliyomo humu ndani, na Ubwa asilale mahabusu leo."

Himid alikunja uso, akaingia, akamkuta Wakil amekwisha kuivaa kofia yake sawasawa.

"Bwana Wakil. Ni kweli huyu nduguyo?"

Mashavu alidhani atakaa kimya. Angalau kimya hicho Mashavu alikuwa anakistahiki kwake.

"Kweli, Afande," akasema Wakil. "Mdogo wangu, nampenda. Na kwa sheria ninavyoijua, ndugu hachunguzi kesi ya ndugu. Kwa hivyo alichokifanya asubuhi na alichokifanya humu, vyote batili. Hamna ushahidi."

Alilisema kwa upole, kwa sauti ile ile ya kumfundishia daraja za hodi. Ndugu yake Mashavu ameutumia udugu wao mara ya pili siku moja, na mara hii mbele ya macho yake.

Bi Nadra akainuka. Akakiokota kiberiti mezani, akampita mwanawe bila ya kumtazama, akakitia mkononi mwa Himid.

"Kishike wewe, mwanangu. Wewe hukunyonya kwangu. Usikiwashe, kibinye tu, pale kwenye kile kidude. Swichi nitaishika mimi."

"Mama," akasema Wakil.

Bi Nadra alikuwa keshafika ukumbini. Himid akasogeza kiberiti, akabinya. Mama akazima, akawasha, akazima, akawasha, taa zinapepesa juu ya vichwa vyao, harufu ya gesi inapanda, na king'ora kikakaa kimya.